Mwanamume wa Embu Akitumwa Sukari

Nakutegea kitendawili, na usikimbilie kujibu kabla sijamaliza. Watu mia hurudi nyumbani kila jioni na hakuna anayewaona; mmoja asiporudi, kesho yake ameingia kila nyumba kijijini. Ni nini hicho?

Umeshindwa? Basi nipe mji. La, Nairobi sitaki, nina magoti mabovu na huko ngazi ni nyingi. Mombasa kaa nayo, joto lake siliwezi. Nipe Embu. Eeh, Embu. Miaka miwili iliyopita ungenipa Embu ningekurudishia kwa mikono miwili, nikasema afadhali nikae bila mji. Siku hizi naipokea, na nitakwambia kwa nini. Jibu la kitendawili ni habari. Ya yule mmoja ndiyo hutembea. Wale mia waliorudi wakala githeri yao wakalala, nani atampigia mwenzake simu amweleze?

Mimi ni Karwirwa wa hapa Kanyakine, Meru, nauza mbegu za maharagwe. Mjukuu wangu wa kwanza, binti ya mwanangu Kailemia, naye ni Karwirwa, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Kwa hiyo mimi na yeye ni mtu mmoja, ila yeye ana meno yote. Na katika nyumba yetu tuna desturi: siku wakwe wanapokuja na chakula chao, nyanya mwenye jina ndiye anayeonja kwanza, kingali na moto. Akionja, msichana ametoka, posa imekubaliwa. Asipoonja, kifuniko kinarudishwa juu ya chungu na wageni wanabeba vikapu vyao. Nyanya yangu aliwahi kurudisha vikapu, na wenye vikapu wanatuonea haya mpaka leo.

Sasa, Karwirwa mdogo ana kibanda cha chapati na maharagwe huko Nchiru, karibu na mabweni ya wanafunzi. Friji yake ya soda ikaharibika. Akaja fundi kijana, akaitengeneza. Kesho yake akarudi kuangalia kama inagandisha. Kesho kutwa akarudi tena.

"Friji iliyopona inatembelewa hivyo?" nikamwuliza msichana kwa simu.

Akacheka tu. Jumapili moja akamleta nyumbani.

Kijana mrefu, shati limepigwa pasi, viatu amevifuta kwa jani la mgomba kabla ya kukanyaga sakafu yangu. Nikampenda papo hapo. Jina lake? Runji. Kwao ni wapi?

"Embu, Cucu," akasema, akiniita nyanya kwa heshima. "Upande wa Kianjokoma."

Nikaweka kikombe chini.

Usinicheke, nilikuwa na sababu. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona wanaume wawili wa Embu wakioa hapa kwetu. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mume wa rafiki yangu Kagwiria. Alitoka asubuhi moja kwenda Nkubu kununua uzi mweusi. Gauni la kwaya la mke wa mchungaji lilikuwa kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa. Hadi leo lina mkono mmoja. Wa pili alikuwa mchimba visima aliyemwoa Kajuju wa kule mtoni. Huyo alitumwa chumvi. Chumvi! Kajuju alikula mboga chapwa siku tatu akimngoja.

Waembu wawili waliingia, Waembu wawili wakaenda. Mia kwa mia, kama wasemavyo watoto wa shule. Sokoni nilikuwa na msemo wangu: "Mwanamume wa Embu akitumwa kitu, mwombee safari njema." Watu walikuwa wakicheka hadi wanashikilia magunia.

Basi nikamwambia Runji, "Kijana, sukari imeisha. Hebu kimbia pale dukani kwa Kaburu."

Karwirwa akanikazia macho. Sukari ilikuwa juu ya rafu, kilo nzima, haijafunguliwa.

"Cucu..."

"Nyamaza wewe."

Kwa Kaburu ni mwendo wa dakika tano. Zikapita kumi. Zikapita ishirini. Nikajimiminia chai, nikashusha ile kilo ya kwenye rafu, nikatia vijiko vitatu bila aibu. Zilipofika arobaini nikasema, "Si nilijua? Saa hii yuko Chuka, nusu ya njia ya kwao."

"Ameacha koti lake, Cucu."

"Yule wa Kagwiria aliacha cherehani."

Baada ya karibu saa nzima akaingia, mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko, sukari ameibana kwapani. Friji ya Kaburu ilikuwa imekufa na maziwa yanaharibika, hakuweza kuyapita. Kaburu mwenyewe alimfuata nyuma na pakiti ya maziwa ya asante. Karwirwa akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Leo amerudi," nikamnong'oneza. "Hata fundi wa Kagwiria alirudi siku nyingi kabla ya ile moja."

"Kumbe asiporudi umeshinda, na akirudi pia umeshinda?"

"Ndiyo faida ya uzee."

Runji alipoaga, msichana akanifuata jikoni. Hakuwa anacheka tena.

"Wazazi wake wanakuja Jumamosi baada ya ijayo," akasema. "Utaonja?"

"Sitaonja."

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alichukua sufuria akaanza kuisugua, na sufuria yenyewe ilikuwa safi.

"Sitatoroka naye, Cucu. Jina ni lako, ukikataa umekataa. Lakini usinitafutie mwingine. Na Krismasi sitakuja, nitakuwa na kazi Nchiru."

Krismasi! Huyu ndiye hunisomea maandiko, hunikata kucha za miguu, hunitania hadi nikohoe. Nikaona Krismasi yangu, mimi na kuku, tunatazamana.

Nikasema kwa ukali ili nisilie, "Mimi nakulinda. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona wangapi?"

"Wawili."

"Na ukienda kununua mbegu kwa watu wa Tharaka, unatazama punje mbili za juu?"

Hapo alinigonga kwenye mfupa. Kila mtu sokoni anajua jinsi ninavyonunua. Sitazami juu ya gunia, juu huwekwa nzuri za kukudanganya au mbaya zilizopata vumbi. Nakunja mkono wa sweta, nauzamisha hadi kwenye kiwiko, natoa konzi tatu kutoka katikati, nazimwaga juu ya leso. Hapo ndipo naongea bei.

"Hao wawili wako," akaendelea, "hata hukuzamisha mkono. Walidondoka wenyewe mlangoni. Na punje iliyodondoka hutoka gunia gani, Cucu?"

"Lililotoboka," nikasema kabla sijajizuia. Maana ni kweli. Mwanamume aliyekwisha kuhama kwao mara moja, kuhama mara ya pili ni kazi gani? Wale waliobaki kwao Embu, wakilima na kugombana na wake zao, ningewaonea wapi?

Neno hilo lilinikaa kama uzi wa embe kati ya meno. Siku ya soko ilipofika nikajifunga leso, nikachukua debe la mbegu, nikashuka mpaka Runyenjes, huko huko Embu. Nilivaa aproni yenye mifuko miwili. Wa kulia niliujaza maharagwe ya njano, wa kushoto mekundu, na mbele yangu nikaweka mkebe mtupu. Kila mwanamke aliyesimama kuangalia mbegu nilimwuliza, kama utani tu, "Mama, mzee yuko?" Akisema yuko, punje ya njano kwenye mkebe. Akisema alienda hakurudi, nyekundu. Wajane sikuwahesabu, kifo hakina kabila.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa kibanda, muuza parachichi aitwaye Wambeti.

"Mzee yuko?"

"Yuko wapi! Alienda kitambo."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nikatia nyekundu. "Pole mama. Alienda wapi?"

"Alichukuliwa na mwanamke wa Meru. Wale! Mwanamke wa Meru akimkaribisha mtu chai, hiyo chai haiishi." Kisha akanigeukia. "Na wewe, hiyo lafudhi ni ya wapi?"

"Ya... huko juu."

"Juu wapi?"

"Mama, angalia mbegu."

Akapasuka kicheko hadi parachichi zikaporomoka, tukaanza kuziokota pamoja chini ya meza.

"Umewajua wanawake wangapi wa Meru?" nikamwuliza tukiwa huko chini.

"Huyo mmoja. Kwani hatoshi?"

Nilitaka kumwambia hatoshi hata kidogo. Nikafunga mdomo, kwa sababu mimi nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu ya wawili.

Baada yake akaja Ciakuthii, mama mnene mwenye sauti ya kengele, na nyuma yake mwanamume amejitwika gunia la nduma.

"Mzee yuko?"

"Si huyu hapa Gichovi! Miaka thelathini na minane namwambia aende japo wiki moja nipumzike, haendi."

"Nikienda nani atanigombeza?" akasema Gichovi kutoka chini ya gunia.

Njano. Na nyingine njano, na nyingine. Mmoja alisema mzee yuko, yuko sana, amelala, njoo umchukue. Mwingine mwenye skafu ya buluu alisema yuko lakini akatazama pembeni. Huyo nikamtilia nyekundu kwa uamuzi wangu mwenyewe, nisije nikaonekana nawapendelea. Saa tisa debe lilikuwa tupu na nilikuwa nimewauliza wanawake arobaini. Nikamwaga mkebe juu ya leso. Njano thelathini na tano. Nyekundu tano.

Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Karwirwa alikuwa amekuja kunisaidia kufagia kabla ya wageni, ingawa alikuwa bado ananisemesha kama ninavyosemeshwa na karani wa benki. Nikamwekea punje mezani.

"Watano! Unaona? Watano walienda!"

"Kati ya arobaini."

"Watano ni watano."

"Sawa. Na sisi je?"

"Sisi nani?"

"Sisi wa hapa, Cucu. Kutoka kanisani hadi faktari ya kahawa. Tuhesabu nyumba arobaini."

Ukweli ni kwamba jambo hilo halikuwa limewahi kuingia kichwani mwangu. Nilikuwa nimepima unga wa jirani bila kujua wangu una uzito gani. Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Yeye anataja nyumba, mimi natoa punje.

"Kwa Kaburu?"

"Njano. Huyo hata dukani haendi mbali."

"Kwa Mutuma?"

"Mutuma alienda, lakini yule alikuwa na shida ya pombe."

"Alirudi?"

"Hakurudi, ila ni pombe..."

"Nyekundu, Cucu."

"Haya."

"Kwa mwalimu Njagi?"

"Njagi alipata uhamisho. Isiolo."

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili na nane."

"Uhamisho huo una mizizi. Nyekundu."

Nikabisha. Mwingine alikimbia maneno ya mama mkwe. Mwingine alikuwa na mgongo, akaenda kutafuta daktari, daktari akapatikana mwenye mikono laini. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake, na niliijua kama ninavyojua njia ya kisimani. Lakini nilipojaribu kukumbuka jina la yule fundi cherehani wa Kagwiria, lilikataa kuja. Miaka sita alinishonea, na nilikuwa nikimwita Mwembu tu. Wa kwetu wakienda huwa na majina. Wale walikuwa na kwao tu.

"Thelathini na tisa," akasema Karwirwa. "Njano thelathini na nne, nyekundu tano. Tumekaribiana kama pacha."

"Basi, nimekuelewa," nikasema, nikaanza kuinuka.

"Bado moja ifike arobaini." Alisema polepole, bila utani, macho yake yako kwenye punje. "Nyumba hii, Cucu. Tunaweka gani?"

Mzee wangu anaitwa Mutembei. Miaka kumi na tisa iliyopita alienda Kangeta kwa biashara ya miraa, wiki mbili hivi, alisema. Yuko hai. Watu humwona sokoni kule, amenenepa, ana nyumba na watoto ambao mimi siwajui. Hapa mtu akiniuliza mzee yuko, nasema kazi imemshika. Nimemwambia hivyo mchungaji, nimemwambia chifu aliyekuja kuandika majina, na katika maombi yangu nimemwambia Mungu, ambaye nadhani alinistahi akanyamaza. Kila mtu anajua. Hakuna aliyewahi kuniuliza rangi yake.

"Mbuzi analia," nikasema.

"Mbuzi halii, Cucu."

"Mimi nimemsikia," nikasema, nikaenda kwa mbuzi. Alikuwa amelala, akanitazama kwa mshangao.

Karwirwa hakuuliza tena. Wiki yote hakuuliza, na wiki yote nilisikia hilo swali nikipepeta, nikikoroga, nikifunga kuku. Na yeye pia hakujua kama nitaonja. Ukweli, hata mimi sikujua.

Jumamosi ikafika. Wageni wakashuka, baba yake Runji, wajomba wawili, na mama yake, Igoki, mwanamke mdogo wa mwili mwenye kicheko kikubwa. Chungu kilikuwa cha njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi, kimefungwa kwa majani ya mgomba ili kikae na moto. Kagwiria alikuwa amekuja kunisaidia kupika, na ndiye aliyeona kwanza.

"Bwana harusi mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja," akasema Igoki. "Tulipofika Nkubu tukaona soda hazitatosha, tukamtuma."

Kagwiria alinikanyaga mguu chini ya meza, akaniinamia sikioni: "Nkubu! Mwembu! Ametumwa!" Hata Kailemia mwanangu alitazama dari.

Dakika zikapita. Tukasali, tukaimba, tukasali tena kidogo. Igoki alimpigia, simu ikalia bila kupokewa. Akacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kimepungua.

"Mama Kailemia," akaniambia kwa upole, "chakula kitapoa. Ukitaka tungoje, tutangoja. Ni haki yako."

Desturi ni kuonja kingali na moto. Niligusa chungu, kilikuwa kinaelekea kuwa vuguvugu. Karwirwa alisimama kando yangu na sahani na kijiko. Kijiko kilikuwa kikigonga sahani, ti-ti-ti, na alikuwa amekaza uso usionyeshe kitu.

Mbele ya macho yangu nilimwona fundi cherehani akishuka njia ya Nkubu, mwepesi, na lile gauni la mkono mmoja. Picha kali, kama ya jana. Nikajaribu kuwaona wale thelathini na watano wa Runyenjes, na walikataa kuja. Nilimpata Gichovi peke yake, chini ya gunia lake la nduma. Waliorudi nyumbani hawana picha. Na hakuna mkebe duniani wa kuniambia Runji ni punje gani. Mkebe ulikuwa umeniambia jambo moja tu: hatari niliyoikimbia Embu ilikuwa imeketi kwenye kiti changu cha jikoni miaka kumi na tisa, na nilikuwa nikiipikia chai.

"Leta," nikasema.

"Kabla hajarudi?" Kagwiria akasahau kunong'ona.

"Kabla hajarudi. Akisharudi, kuonja kwangu kutakuwa na maana gani?"

Nikachota kijiko kilichojaa. Njahi zilikuwa tamu, zimetiwa kitunguu kingi kama ninavyopenda, na Igoki akapiga kigelegele kilichomfukuza jogoo dirishani. Wajomba wakaanza kupiga makofi. Karwirwa akainama kunishika, uso wake umelowa kwenye shingo yangu, nami sikuwa nimemeza bado, nikamvuta sikio lake karibu na mdomo wangu uliojaa.

"Ile nyumba ya arobaini," nikamwambia. "Weka nyekundu."